Puli Ambayo Sikuivunja

Jumamosi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: ile niliyokubali kutoivunja puli.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, nikifanya kazi ya kuyeyusha alumini kwa Fundi Ouma pale Rhonda. Tulikusanya pistoni za magari makuukuu, tukaziyeyusha na kumwaga vipuri kwenye kalibu za mchanga. Fundi alikuwa na sheria moja. Kipuri chochote cha kuzunguka kwa kasi tulikimwaga mara mbili, tukavunja kimoja kwa nyundo tuone ndani, ndipo mteja apewe cha pili. Wengi walituona wapumbavu.

Siku hiyo Fundi alikuwa amekwenda Siaya kuzika. Dada yangu mkubwa, Nafula, alikuwa na mashine ya kusaga unga, na puli yake, lile gurudumu la kuvutwa na mkanda, ilikuwa imepasuka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mchanga haukuwa umekauka sawasawa. Nilimwaga hivyo hivyo. Puli mbili zikatoka, zinang'aa. Nikainua nyundo.

"We Wekesa, umelogwa?" Nafula, aliyekuwa akisubiri kando, akaniuliza. "Watu wamepanga madebe mpaka barabarani, na wewe unataka kuvunja kitu kizuri hivi?"

"Dada, ni sheria ya Fundi."

"Fundi yuko Siaya anakula wali wa matanga. Lete zote mbili, moja niweke akiba. Ama mimi ni mteja tu kwako?"

Nikaweka nyundo chini. Ningemkatalia vipi? Ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Siku ya tatu puli ilipasuka mashine ikiwa kwenye kasi, na kipande kikampiga Nafula usoni.

Fundi aliporudi aliomba ile ya akiba. Akaigonga mara moja tu, ikagawanyika. Ndani ilikuwa na matundu kama mandazi, kwa sababu ya mvuke wa ule mchanga mbichi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua, mzee."

"Ndiyo maana tunavunja." Angenitukana ningeona afadhali.

Mwanangu, chuma hakionyeshi ugonjwa wake kwa nje, na alumini ndiyo zaidi, maana ukiipiga msasa kidogo inapendeza. Kausha mchanga wako. Vunja kimoja. Na mtu unayempenda akikuomba uruke hatua, huyo ndiye wa kumkatalia kwanza, hata akinuna. Mteja mgeni utamwogopa, utafanya kazi sawasawa. Wa nyumbani ndiye atakayekulegeza. Mungu aibariki mikono yako, na akupe ujasiri wa kusema hapana mapema.

Mimi sikusema. Dada yangu alipoteza jicho la kulia. Aliuza mashine, akahamia Karagita, na mpaka leo hajaingia nyumbani kwangu.