Kompyuta Kumi Zisizo na Diski

Miaka ile ya soko huria, makontena yalipokuwa yakimwaga Kariakoo kila kilichochokwa Ulaya, mwenye chuo chetu alinunua kompyuta kumi na moja za mitumba. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja ghorofani, karibu na Msimbazi, juu ya duka lake la vitenge. Mimi nilikuwa mwalimu wa taipu.

Tulipozifungua, kumi hazikuwa na diski. Fundi aliyeitwa akacheka.

"Bosi, haya makopo. Kila moja itafutiwe diski yake, niiwekee programu zake. La sivyo tupa."

Mimi nilikuwa nimesoma kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kilisema mashine za namna ile huwaka kwa kuvuta programu kupitia waya, kutoka kwenye mashine moja yenye diski. Nikawaambia.

"Dada, wewe fundisha taipu," fundi akasema. "Hiyo mashine mama ikifa, zote zimekufa."

"Basi mimi nitatunza moja. Wewe katunze kumi na moja."

Wiki tatu nzima, kila kipindi kikiisha, nilitambaa chini ya meza na waya na kile kijitabu. Kopo la kwanza lilipowaka, nilipiga kelele hadi wateja wa vitenge wakatazama juu.

Asubuhi ya mtihani umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na ile mama ikatoa moshi. Wanafunzi walikuwa wameshakaa, mmoja amefunga genge lake la mboga Buguruni kwa ajili ya siku hiyo. Mwenye chuo akapanda na fundi wake.

"Mwalimu, waambie waende nyumbani."

"Shikamoo, mzee. Hawaendi."

Nikaifungua ile mama. Kilichoungua ni sehemu ya umeme. Diski ilikuwa nzima. Nikaichomoa, nikaifunga ndani ya kopo mojawapo. Fundi alisimama amekunja mikono. Skrubu iliponishinda, akanisogezea bisibisi yake.

Kopo likawa mama. Tisa zilizobaki zikawaka moja baada ya nyingine, na mtihani ukafanyika, wanafunzi wawili wakipokezana mashine moja kwa kuwa moja ilipungua.

Fundi alisema kweli juu ya ile mama, lakini sikumpa raha ya kulisikia hilo kutoka kwangu. Wiki iliyofuata nilimwandikia mwenye chuo barua kuomba mashine ya akiba. Chini ya sahihi nikaweka cheo: mwalimu wa kompyuta. Hakuna aliyekuwa amenipa.