Sahani ya Diwali ya Mama Saroj

Diwali hii, sikukuu ya taa ya Wahindu, hakuna mzee mtaani kwetu Sydenham aliyekula vitamu kunishinda.

Uongo. Sijaonja hata kimoja!

Asubuhi nikaona jirani yangu Mama Saroj kachelewa kuniletea vitamu vyake vya kila mwaka. Nikachukua sahani yake tupu ya mwaka jana, kitambaa chake juu, nikaenda kumtania.

Sijafungua mdomo, kaipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Asante, Mzee. Tangu mume wangu afe, sisi hatupiki vitamu mpaka mwaka uishe. Majirani ndio hutuletea. Wewe ndiye wa kwanza."

Akafunua kitambaa.

Eish, ndugu zangu. Na jeneza la mumewe, mwaka huu huu, nililibeba mimi.

Mama Furaha, wewe unayecheka hapo, mlango wako nani aliutengeneza bure? Nikaangie kalimati, sahani moja tu. Usitie mayai, kwa Mama Saroj hawali. Nataka nirudi kwake kabla majirani hawajawasha taa zao za Diwali jioni.