Vumilia Aliyekatazwa Kulia

Mwiko wa duara la Masele, yaani shimo lake la dhahabu, ulikuwa huu: mwanamke asilie karibu na shimo, machozi yanakimbiza dhahabu. Mimi Apolonia nimeponda mawe hapo Segese miaka tisa, na nakwambia ule ulikuwa ujinga mtupu. Tena mimi mwenyewe niliutii ujinga huo, ndiyo maana hasira yangu haiishi.

Ngusa, mmoja wa wachimbaji, alifukiwa na kifusi asubuhi kweupe. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mkewe Vumilia, Mama Aneth wetu, alikuwa kwenye kinu jirani na changu. Alipofungua tu mdomo, Masele mwenye duara akasema wamebakiza hatua chache waufikie mwamba wenye dhahabu, tusimharibie. Basi nikamziba Vumilia mdomo kwa kiganja changu hiki, nikamwambia atalia nyumbani. Nyumbani nako wakwe wakamwambia ajikaze, ana watoto. Akamzika mume bila kutoa sauti, na watu wakamsifu eti ni mwanamke wa shoka. Shoka gani? Mtu alikuwa anaoza ndani kwa ndani.

Baada ya miezi miwili chakula kikawa hakipiti kooni. Halafu usingizi ukamkimbia. Mwisho bega la kulia likakaza, mkono ukawa haupandi kupita kifua. Mponda mawe bila mkono ni nani? Mchi wa chuma hauinuliwi kwa huruma. Tukawa tunampondea kwa zamu, kwa kificho, mpaka Masele akaona. Akampa hadi mwisho wa mwezi: mkono usipopona, kinu anapewa mwingine. Na kile kinu ndicho kilichokuwa kinawalisha Aneth na wadogo zake.

Watu wakasema karogwa. Mganga mmoja akataka kondoo mweusi. Zahanati wakampima kila kitu, wakampa dawa za maumivu, na daktari akamwambia ni msongo, apunguze mawazo. Haya, mawazo yangekuwa mzigo wa kuni, si angeshusha nusu njiani?

Kwa Juliana, anayetuliza watu kwa mikono, tulielekezwa na muuza mchele wa Kahama. Ni mama mtu mzima, mjane naye, anakaa nyuma ya soko. Tukampa shikamoo, akaitika, akatukaribisha mkekani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtukana akitaja kondoo tu. Hakutaja. Alisema yeye hatoi mashetani wala hauzi dawa, na vidonge vya zahanati Vumilia aendelee kuvimeza. Akaweka kiganja kimoja mgongoni kwa Vumilia na kingine kifuani, polepole, kama unavyoshika mtoto mwenye homa. Akatulia. Mimi nikasubiri maneno, hakuna. Nikaona tumepigwa.

Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu Vumilia akaanza kutetemeka, magoti mpaka midomo, akahema kama aliyepanda mlima. Akasema kiganja kile kina moto. Mimi niligusa nikakuta ni kiganja cha kawaida, cha mama aliyelima. Sijui nguvu ile inatoka wapi, na sitakudanganya kwamba najua. Juliana hakuondoa mikono mpaka pumzi iliporudi. Ndipo akasema:

"Mwanangu, mwili wako hauna kosa. Umeshika kilio walichokukataza. Kikitaka kutoka, usikionee aibu."

Vumilia akamuuliza akakilie wapi. Juliana akamwambia mwili wake mwenyewe unapajua.

Njiani nilikuwa nauonea haya mkono wangu uliomziba mdomo.

Kesho yake, zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, wachimbaji wakiwa wamevaa tochi tayari kushuka, Vumilia alikipita kinu chake, akaenda moja kwa moja mpaka mdomo wa shimo. Akasimama. Kisha akalia. Mayu wee, mama yangu, sijawahi kusikia kilio kile! Alimwita Ngusa kwa jina la utani la ukoo wao, akamwuliza amemwachia nani. Na kama walivyo wanawake wetu kwenye msiba, mikono ikapanda kichwani. Wa kushoto kwanza. Halafu wa kulia, unakwama begani, unapanda tena, mpaka vidole vikagusa kitambaa cha kichwa.

Masele akaja mbio. Akaniambia mimi nimnyamazishe, kama siku ile. Nikamjibu kwamba aje anizibe mimi kwanza. Akamgeukia Vumilia, akamwambia anawafukuzia riziki watu wazima na atoke kwenye duara lake.

Vumilia hakushusha mikono.

"Sitoki. Mume wangu amekufa humu, nami nitamlilia humu humu. Dhahabu ikikimbia kwa ajili ya mjane, iache ikimbie."

Edson, aliyekuwa akichimba bega kwa bega na Ngusa na ndiye aliyemvuta kutoka kwenye kifusi, akavua tochi yake kichwani. Jitu zima, lina mikono ya kuvunja mwamba. Likaketi chini kwenye vumbi likalia kwa sauti, kamasi zinatoka, halijali nani anatazama. Akafuata mwingine. Sisi wapondaji tukaweka michi chini, tukaweka mikono kichwani. Msiba wa Ngusa tuliuanza upya, miezi minne baada ya kumzika.

Masele akauliza nani anashuka leo. Wachimbaji wakazidi kuvua tochi. Akauliza tena, sauti ikapasuka katikati, akageuza uso akaenda nyuma ya banda peke yake, na hakuna aliyemfuata kumwambia ajikaze.