Nguzo za Almasi na Chupa ya Bia

Amida binti Sudi alizaliwa katika mtaa wa Kamalondo, nyumbani ya fundi saa, na mikono yake ilijifunza utulivu kabla ya kujifunza kuandika. Mwaka ule mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi na chuo chao kidogo cha sayansi kikakaa miezi bila mishahara, yeye peke yake aliendelea kuwasha mitambo ya maabara. Wenzake walikuwa wameshabeba nyaya za shaba, vioo vya madirisha, hata bakuli la choo. Harufu ya kile choo ilimfuata mpaka kwenye meza ya leza, akawa anafanya kazi huku amejifunga kitenge puani.

Mezani palikuwa na kibao chembamba cha almasi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, alichotumiwa na Clément, mwalimu wake wa zamani aliyehamia ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na kasoro: mahali ambapo chembe ya kaboni imekosekana na chembe ya naitrojeni imekaa jirani na pengo. Pengo hilo likipigwa kwa mwanga wa kijani, hujibu kwa mwekundu. Lakini almasi ina choyo. Sehemu kubwa ya mwanga hugonga uso wake kutoka ndani na kurudi huko huko. Ndiyo maana juu yake zilichongwa nguzo, nyembamba mno hata mamia yangepangika katika upana wa unywele mmoja, ziusindikize ule wekundu hadi nje. Amida alitakiwa kupima nguzo zinatoa mwanga mara ngapi zaidi ya almasi tupu. Jibu likifika kabla ya Ijumaa, nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo kwa Clément ingekuwa yake.

Jumatano asubuhi alimkuta mkuu wa idara, Profesa Stanislas, ameketi kwenye meza ya leza na mnunuzi wa almasi aliyeitwa Vital. Kati yao palikuwa na chupa ya bia.

"Karibu, Mama Amida," Stanislas alisema. "Papa Vital anaangalia ile diama."

"Diama gani hii?" Vital alicheka, akiigeuza ile almasi kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. "Iko bapa sawa biskuti. Prof, balikupatia kioo."

"Papa, usiguse juu. Iko na nguzo."

"Nguzo? Sioni hata moja."

Akailamba. Akaipulizia pumzi atazame ukungu unavyotoweka, kama wafanyavyo wanunuzi, na kabla Amida hajaifikia meza, aliikandamiza kwenye chupa na kuivuta. Mstari mweupe ukabaki kwenye kioo.

"Iko ya kweli," Vital alisema. "Lakini ya biskuti sinunue." Akaitupa mezani, akaondoka na kofia yake.

"Prof, unajua zile nguzo ziko nini," Amida alisema. "Ni weye ulitufundisha."

"Mama, bantu banakulaka mwangaza?"

Swali hilo, kama watu hula mwanga, lilimtia kinyaa kuliko mate ya Vital. Vital hakujua alichofanya. Stanislas alijua; ndiye aliyewachorea ubaoni ule mwanga uliofungwa ndani ya jiwe.

Amida aliosha kibao kwa spiriti mara tatu, kisha kwa asidi, akawasha jenereta. Karibu uso wote ulikuwa hafifu. Kwenye pembe moja tu, pale kidole gumba cha Vital kilipokuwa kimeshika, vilimeremeta vidoa kumi na kimoja. Alivipima mpaka Alhamisi jioni: vilitoa mwanga mara nane zaidi ya almasi tupu.

"Andika iliharibika njiani," Stanislas alimwambia kutoka mlangoni. "Tusiaibishane, Mama."

Akaandika: "Nguzo kumi na moja zimebaki. Nyingine zilikwaruzwa kwenye chupa ya bia mbele ya mkuu wa idara." Akatuma, Stanislas akisoma juu ya bega lake.

Clément alijibu kesho yake: "Kumi na moja zinatosha. Anza safari."

Amida alikwenda kunawa. Bomba halikuwa na maji, akarudi akamimina mikononi spiriti yote iliyobaki.