Kikombe Nilichokikataa

Wanawake wa mtaa wetu hapa Bunia hawali, wanatazama. Wape sahani ya wali na samaki: mdomo utafanya kazi yake, lakini macho yatakuwa kwa mwenzao. Kachukua vipande vingapi, kitenge hicho ni cha mwaka gani, mbona meno yamepungua. Wazee walisema macho hayana pazia. Walisahau kuongeza kwamba mengine hayana adabu. Nawadharau wanawake hao, na nawaogopa, na kwa kuwaogopa najidharau mimi kuliko wao.

Nina miaka sitini na minane. Nilikuwa direktrise, mwalimu mkuu, wa shule ya msingi, na mtoto aliyeogopa kusimama mbele ya ubao nilimwita panya, darasa likacheka. Sasa panya ni mimi. Miaka miwili iliyopita, kwenye chai baada ya ibada, mkono wangu wa kulia ulitetemeka nikammwagia mke wa mchungaji. Alisema si kitu. Nyuma yangu mmoja akanong'ona kwamba labda Direktrise ameanza kulewa asubuhi. Tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu mkono umetulia. Wakiwepo watu, unaanza. Daktari mmoja kijana alinipima, akasema mishipa ni mizima, ni woga tu. Niliondoka bila kumuaga.

Nikaacha kula mbele za watu. Harusini nilikuwa na vidonda vya tumbo, kwenye ubatizo nilikuwa nimefunga, matangani nilikuwa nimeshiba.

Rafiki aliyenibakia alikuwa jirani yangu, muuza sombe, yale majani ya muhogo, aliyekimbia kutoka Fataki, kijijini kwao, na mume wake wakati wa vita. Watu wa kabila lake na wa kabila langu walichinjana. Hapa Bunia hilo halihitaji maelezo. Sisi wawili tulipatana kwa sahani. Yeye alinipitishia sombe juu ya ua, mimi nikampa maziwa ya ng'ombe wa kaka yangu. Miaka mingi nilikula chakula chake, na miaka hii miwili nilikila ndani kwangu, mlango umefungwa.

Mume wake akafa. Siku ya kumaliza matanga aliniketisha mbele, kwenye kiti cha heshima, ndugu zake wote wakinielekea. Akaniletea chai ya maziwa yeye mwenyewe. Mkono ukaanza kutetemeka chini ya kitenge.

"Kunywa kidogo tu, Direktrise."

"Hapana, mama. Tumbo iko inaniuma."

Alinitazama. Kisha akainua kile kikombe, akanywa mafunda mawili mbele ya wote, akafuta ukingo, akakiweka tena mbele yangu. Hapa kwetu mwenye nyumba huonja namna hiyo akidhani mgeni anaogopa sumu. Nilielewa palepale, na bado sikunywa. Niliinuka nikaenda nyumbani.

Sombe haikuja tena. Sokoni wateja walianza kupita mbele ya meza yake bila kusimama, kwa sababu ikiwa Direktrise, jirani wa miaka yote, hanywi chai yake, basi kuna jambo. Lisemwalo lipo. Niliwasikia kwa masikio yangu wale wale wenye macho wakimwita mlozi, mtia sumu, nikiwa nachagua nyanya, na neno moja tu kutoka kwangu lingewanyamazisha. Nililipa nyanya zangu. Nilinyamaza hivyo miezi miwili, mwalimu mzima.

Mwisho aibu ilinisukuma mpaka jikoni kwake, mchana. Binti zake wawili walikuwa wakimenya mihogo. Niliomba chai. Akanimiminia. Nikainua kikombe kwa mkono wa kulia, mbele yao, chai ikamwagika kifuani, kwenye mkeka, kwenye goti la binti mdogo. Nikanywa iliyobaki.

"Ni hii tu," nikasema. "Ni mukono. Sikuogopa chai yako."

Nilitazamia atalia, au tutacheka pamoja, yaishe. Aliutazama mkono, akanitazama usoni.

"Kumbe weye ulipenda batu baseme miye niko mulozi, kuliko baone mukono yako inatetemeka."

Nilimjibu ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Akachukua kitambaa akafuta goti la binti yake. "Hapa jikoni hakuna mutu anakuona," akasema. "Kesho nitabeba termosi ya chai ku soko. Utakuja kunywa pale, ku meza yangu, mbele yabo."

Nikamwambia nitakuja. Wiki tatu zimepita. Kila asubuhi anapita mbele ya mlango wangu na beseni la sombe kichwani na termosi mkononi, na mimi nasimama nyuma ya pazia mpaka apite.