Jua Lililomdai Feza

Nilipokuwa mtoto huko Baraka, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, niliishi nyumba moja na Feza, binti wa mama yangu mdogo. Feza alikuwa ndundu: ngozi nyeupe, nywele rangi ya majani makavu, macho yasiyotulia. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alisema mtoto wa namna hiyo ni mali ya jua, na kwamba jua humtafuta mchana kutwa ili limrudishe kwake. Kwa hiyo Feza alichota maji alfajiri, kisha akashinda ndani akitwanga mihogo mpaka jua lipoe.

Mwalimu wa dini alisema kanisani kwamba hayo ni mambo ya kishenzi. Jua Mungu aliliumba kwa ajili ya wote. Nilimwamini. Nadhani nilitaka tu mtu wa kucheza naye.

Koko akaenda Lubondja kuvuna maharage, akakaa huko wiki kadhaa. Siku ya pili tu nilimfuata Feza alipokuwa anatwanga.

"Twende tukaanike ndagala."

"Koko amekataza."

"Koko iko Lubondja. Nani atakuona?"

"Jua," akajibu, wala hakuwa anatania.

Nikamshika mkono, nikamtoa. Ufukweni mwa ziwa wanawake walikuwa wakigeuza ndagala, wale samaki wadogo, juu ya mchanga. Feza alifanya kazi nao hadi jioni, akicheka kuliko nilivyowahi kumsikia. Ngozi ilimwiva, ikatoa malengelenge. Kesho yake akataka kurudi ufukweni. Mama yake alikuwa mjane na kazi ilikuwa nyingi, hakumzuia.

Koko aliporudi alimkuta na madoa usoni.

"Nani alikutosha inje?"

"Nilitoka mi mwenyewe, Koko," Feza akasema, bila kunitazama.

Koko akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Basi, jua imekuona. Sasa itakulamba pole pole."

Hakuweza tena kumfungia. Miaka ikapita, Feza akawa msichana mkubwa, ndipo akatokwa na kidonda nyuma ya sikio. Kwenye zahanati wakampaka dawa ya zambarau. Kidonda hakikupona, kikashuka shingoni, kikamnyima usingizi, mwishowe kikamnyima hata kumeza. Alifia mikononi mwa mama yake.

Watu walikuwa wakisema ndundu hafi, hutoweka. Majirani wakaja kuchungulia dirishani. Koko akatoka nje.

"Muingie, mumuone. Amekufa sawa batu bote. Mumulilie sawa batu bote."

Wakaingia, wakamlilia.

Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipomsikia daktari akieleza kwamba ngozi kama ya Feza haina rangi ya kuikinga na miale ya jua, na kwamba miale hiyo huiharibu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi saratani ianze. Akashauri kivuli, nguo ndefu, kofia pana. Nilimsikiliza kwa adabu. Koko hakujua lolote kuhusu miale, ila kivuli alikijua.

Wakati huo Koko alikuwa bado hai, mzee sana, na bado akilinung'unikia jua kila lilipochomoza. Nilirudi nyumbani, nikaketi kando yake. Nikamweleza habari yote ya miale, neno kwa neno. Habari ya mkono wangu uliomtoa Feza nje sikumweleza.