Koko, Leza na Mzee Laizer

Ilianza Jumatano, saa kumi na nusu jioni. Nilikuwa nimetumwa Elerai, kwenye karakana ya baba mdogo, kuchukua ngao ya mashindano ya kwaya. Nilipofungua mlango, harufu ya ubao wa mninga unaoungua ikanipiga puani: tamu kidogo, chungu kidogo, kama mtu kakaanga karanga pamoja na penseli. Baba mdogo huchonga majina kwa mashine ya leza. Nikasimama pale nacheka peke yangu. Akaniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu, maana mimi maneno hunitoka vizuri nikishika kalamu tu. Basi nakuambia wewe unayesoma. Harufu ile kwangu ni harufu ya Koko, bibi yangu, wakati alipokataa kutibiwa jicho.

Nilikuwa darasa la tano, naishi naye Olmotonyi. Koko alikuwa na kisukari, na kisukari kilikuwa kimeanza kumharibia jicho la kulia. Chai aliimimina pembeni ya kikombe. Siku moja aligombeza gunia la mkaa kwa kutomwamkia. Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Tukaenda hospitali mjini, daktari akasema mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inavuja, na isipozibwa, jicho litazimika. Nesi ndiye aliyebaki kutuelekeza.

"Bibi, wiki ijayo tutakutibu kwa leiza," alisema, akilitamka neno hilo kwa Kizungu.

"Na nani?"

"Leiza, bibi. Inafaa sana kwa jicho kama lako."

Koko akakunja kanga yake, akaaga kwa heshima, tukaondoka. Tulipofika nyumbani akaketi kwenye kigoda, akaniangalia kwa jicho zima.

"Hivi Laizer amesomea macho lini?"

Lazima nieleze. Mzee Laizer, wa ukoo wa Laizer unaotamkwa kama ile leiza ya nesi, alikuwa jirani yetu wa upande wa chini. Ng'ombe wake alikula kabichi za Koko, na tangu hapo wawili hao walisalimiana kanisani tu, tena kwa sababu mchungaji alikuwa anatazama.

"Koko, siyo Mzee Laizer," nilisema. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo sana.

"Ng'ombe wake mwenyewe ana chongo, mpaka leo hajamtibu. Ndiye aje kwangu?"

Habari ikaenea. Mzee Laizer naye ikamfikia. Alipita kwenye ua wetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwambieni mama huyo sina nafasi wiki ijayo, nina kupalilia." Koko akajibu kutoka jikoni kwamba hata kabichi zake hazikupewa miadi.

Baba mdogo akaona suluhisho ni kumpeleka Koko karakana, aione leza kwa macho yake. Kosa kubwa. Alijifuta mikono, akaanza kama mwalimu. "Mama, mwanga wa balbu unatawanyika kila upande kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Leza inakwenda pamoja, njia moja, rangi moja. Ndiyo maana fundi wa vigae anapiga nayo mstari ukutani, unanyooka chumba kizima. Na ukiikusanya yote kwenye kinukta kimoja, ndiyo hii sasa." Akawasha. Kinukta kikatembea juu ya mninga, moshi ukapanda, na jina la Koko likatokea, jeusi, zuri mno, pembeni limeungua.

Koko alilinusa jina lake.

"Hiki ndicho kinaingia jichoni?"

"Ndiyo mama. Ila kidogo."

"Afadhali Laizer," akasema, akatoka nje.

Basi siku zikawa zinasogea na Koko kagoma. Baba alipiga simu kutoka mjini, mama akapiga, mchungaji akaja akanywa chai akaondoka. Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja naye, nikimsikia anavyopapasa kutafuta viatu. Niliogopa kwamba asubuhi moja atapapasa kunitafuta mimi.

Baba mdogo alikuwa amenipa kileza cha kuning'iniza kwenye funguo, chenye kinukta chekundu, na onyo la kutomulika macho ya mtu. Jioni moja nikaweka mezani glasi ya maji na glasi ya chai ya maziwa. Nikaanza kumulika. Kwenye maji mwanga ulipita kama hakuna kitu, ukatua ukutani, paka akaurukia. Kwenye chai ulinaswa. Glasi ikawaka wekundu ndani, ukutani hapakufika kitu.

Koko akasogeza kigoda. Akaishika glasi ya maji, akaona ni baridi vilevile.

"Baba mdogo anasema hospitali wanatumia ya kijani," nikamwambia. "Mbele ya jicho ni kama maji, inapita tu. Nyuma kuna damu, na damu ndiyo inayoinasa ile ya kijani. Inachoma hapohapo."

"Kwa hiyo mimi mbele ni maji, nyuma ni chai."

"Ndiyo, Koko."

Paka alikuwa bado anaukwaruza ukuta. Halafu Koko akauliza, taratibu, kama anauliza bei ya chumvi, "Na nikitikisika?"

Nilimwambia watamwekea mahali pa kuegemeza kidevu, na mimi nitamshika mkono. Sikujua kama nitaruhusiwa. Siku ya matibabu ilipofika, niliruhusiwa. Koko, ambaye hata kwenye ibada hukaa akigeukageuka, alitulia kama jiwe wakati ule mwanga wa kijani ukimetameta, ila vidole vyangu alivikamua mpaka vikafa ganzi.

Miaka ilikuwa imepita ndipo nilipogundua jambo moja. Koko alifundisha shule ya Jumapili karibu maisha yake yote, na mtoto akisema "kitabu yangu" hupewa somo papo hapo. Nesi alisema "inafaa". Hakusema "anafaa". Koko hawezi kupitwa na hilo, na jina la ukoo ule amelisikia tangu azaliwe. Alijua tangu pale hospitalini kwamba siyo Laizer. Ila kumkasirikia jirani ni rahisi kuliko kuwaambia wanao na wajukuu kwamba unaogopa, na sisi wote tulimletea maelezo ya mashine wakati yeye hakuwa ameuliza kuhusu mashine.

Kesho yake asubuhi baada ya matibabu, kabla ya shule, nilimfunika jicho la kushoto kwa kiganja kama nesi alivyoelekeza. Nikamuuliza anaona nini.

Akanisogeza kuelekea dirishani.

"Ukungu upo," alisema. "Lakini namwona mtoto kavaa sweta nje ndani, anataka kwenda nalo shule."

Nikalivua, nikaligeuza.